Munibakishie

Mtu yeyote aliyewahi kuishi Mabanga na kuvunjikiwa kioo cha dirisha anamjua papa Zéphirin Ntirenganya. Ndiye fundi wa vioo wa mtaa. Hubeba kioo begani kikiwa kimezungushiwa blanketi kuukuu, na kwa sababu njia zetu ni mawe matupu, yale meusi yaliyotemwa na mlima, hutembea polepole akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Pikipiki zinampigia honi, hajali. Akifika kwako atapima, atakata, atapaka mastiki ya kushikilia kioo kwa kidole gumba, na dirisha likishafungwa utakubali kwamba mzee huyu ana mkono. Vita vilipopita mjini na kuacha nusu ya Goma haina madirisha, alifanya kazi bila kupumzika hata Jumapili, na hakuifurahia kazi iliyomjia kwa njia hiyo.

Lakini usiende kumuulizia kwa jina la Zéphirin. Utazunguka mpaka uchoke. Ulizia papa Kitumbo, na hata mtoto anayetambaa atakuonyesha mlango.

Kitumbo alizaliwa katika sikukuu ya parokia, miaka mingi iliyopita, Zéphirin akiwa bado kijana wa kwaya aliyetoka Rutshuru juzijuzi tu. Chakula kilikuwa kimechelewa, watu wameanza kununa, ndipo wakamwomba awachezee kitu kidogo cha kuwapoza. Zéphirin akafunga mto tumboni chini ya koti, akaingia kama mtu aliyechelewa karamu, sahani tupu kifuani, akaita kwa sauti ya kuvuta: "Munibakishie-e-e!" Mtu mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na sehemu yoyote katika mchezo, akamjibu: "Tulishamaliza!" Zéphirin akashika tumbo, akapepesuka, akaanguka chali na sahani yake. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Basi ikawa hivyo. Redio ikamtafuta, harusi zikamtafuta, uchaguzi ukija wagombea nao wakamtafuta. Kila alipoita "Munibakishie!", umati ulijibu "Tulishamaliza!", naye akaanguka. Kwetu mtazamaji hakai kimya kama aliye misani. Mchezo ni wa wote, na mwenye la kujibu hujibu. Karibu miaka ishirini watu wa Goma hawakuchoka na jambo hilo moja, na ukiwauliza utamu wake uko wapi, hawajui. Watakuambia tu nenda ukaone anavyoanguka.

Na mwenyewe alipenda, tusimwonee huruma ya bure. Alipenda kuitwa kutoka upande wa pili wa barabara. Alipenda kuona mama mwenye beseni la nyanya kichwani akilishikilia ili acheke vizuri. Lakini siku walipomzika mama yake, alipoinama kuchukua udongo wa kwanza na watu wote wamenyamaza, alisikia nyuma yake mtu akizuia kicheko puani. Hakuna aliyetaka ubaya. Ni ule mgongo wake uliokuwa ukiinama, walikuwa wameuzoea kwa mengine. Zéphirin alimwaga udongo, akafuta mikono, hakugeuka. Tangu siku hiyo alikuwa na tamaa moja ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mke wake, mama Rosette: kabla hajafa, walau siku moja, asimame mbele ya watu na watu wasicheke.

"Basi ufundishe katekisimu," mama Rosette alimwambia.

"Hata kule watacheka."

"Njo vile. Ulijitafutia mwenyewe."

Nafasi ilipokuja, ililetwa na msiba wa watu wengine. Alikuwako katika mtaa wa Majengo mfanyabiashara wa samaki aliyeitwa Kasereka, mtu mkubwa, mpole, aliyeimba besi katika kwaya moja na Zéphirin. Alikuwa akienda Vitshumbi, kwenye ziwa, kupakia samaki na kuwaleta mjini kwa lori. Jioni moja alimpigia simu mke wake, mama Marcelline, akiwa njiani. Alimwambia barabara si mbaya sana, atafika amechelewa kidogo, kisha akasema vile alivyosema kila safari: "Niko nakuya. Munibakishie." Mama Marcelline akamwekea chakula chake kwenye sahani na kuifunika kwa sahani nyingine. Kasereka hakufika. Lori halikuonekana, wala dereva, wala hata kikapu kimoja cha samaki. Walioulizwa hawakujua, na waliojua hawakuulizwa. Kwa muda mrefu mama Marcelline aliendelea kufunika sahani ile kila jioni, na kila asubuhi aliwapa kuku chakula kilicholala.

Binti yao, Fabiola, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwembamba mwenye kusema taratibu, aliyaandika mambo hayo yote yakawa tamthilia. Akaiita *Sahani ya Papa*. Akaipeleka kwa Troupe Mafiga, kundi la vijana wanaofanyia mazoezi katika ua mmoja wa Majengo, na mkuu wao, Carlos, aliisoma akiwa amesimama na kuimaliza kabla hajakumbuka kuketi. Carlos alilelewa Bukavu. Alimsikia Kitumbo kwa jina tu, akajua ni mchekeshaji ambaye watu humfuata, lakini hakuwahi kumwona akianguka. Alichoona ni mzee mnene, mpole, wa umri ule ule wa Kasereka. Carlos ndiye aliyetoa wazo la kumpa Zéphirin nafasi ya baba. Fabiola alisita kidogo, kisha akakubali, kwa kuwa baba yake alimpenda mtu huyu.

Siku Carlos alipomletea habari hiyo, Zéphirin alikuwa juu ya kigoda akipaka mastiki. Aliteremka, akaketi juu ya kigoda chenyewe, akauliza mara mbili kama ni kweli hakuna mahali pa kuchekesha.

"Hakuna hata kamoja, papa," Carlos alisema. "Ni batu kulia tu."

"Nitaiweza," alisema Zéphirin.

Na aliiweza, jambo hilo lisifichwe. Mwenye ua anasimulia kwamba wakati wa mazoezi alikuwa akiacha kufua nguo ili amtazame. Zéphirin alijifunza sehemu yake akitembea na vioo begani, midomo ikicheza, na wateja wakafikiri anasali. Alimkumbuka Kasereka alivyokuwa akivuta kiti kwa mguu, alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Aliyatia yote. Siku Charline, binti aliyecheza mama wa nyumba, alipofunika sahani kwa mara ya kwanza mbele yake, Zéphirin alilazimika kutoka nje ya ua akavute hewa.

Ilikuwa katika siku hizo Fabiola akamfuata pembeni, karatasi mkononi, akamsemesha kwa "nyinyi", kama mkubwa anavyosemeshwa kwa heshima.

"Papa Zéphirin, niulize kitu?"

"Uliza, mutoto wangu."

"Ni juu ya hii neno ya *munibakishie*. Batu hawatacheka kweli? Ni nyinyi munalisemaka kwa Kitumbo. Mukipenda naweza kubadilisha. Papa alikuwaka na maneno mingi, naweza kutafuta ingine."

Sasa, asubuhi ile ile Zéphirin alikuwa amepita sokoni, na wauza nyanya wote wa mstari mmoja walikuwa wamemwita "Munibakishie!", na yeye aliwajibu kwa kutoa tumbo mbele na kupepesuka hatua mbili. Kwa hiyo alijua. Hakuna mtu Goma nzima aliyejua vizuri kuliko yeye. Lakini aliangalia ile karatasi mkononi mwa Fabiola na kuingiwa na hofu: leo akitilia shaka neno, kesho atamtilia shaka mtu. Wataona heri wamtafute mzee mwingine, asiye na Kitumbo nyuma yake. Na kulikuwa na kitu kingine chini ya hofu hiyo, kitu ambacho alikiona baadaye sana na kuona haya: neno lile alilipenda, na hakutaka kupanda jukwaani bila hilo.

"Kitumbo?" alisema. "Ile ilikufaka zamani, mama. Batu bamesahau. Na sitalisema vile ya Kitumbo. Nitalisema vile ya papa yako. Ulilinde tu."

"Kweli, papa?"

"Kweli kabisa."

Fabiola alikunja karatasi yake. Alimshukuru hata, na kurudi kwa wenzake akiwa mwepesi.

Onyesho la kwanza likawekwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, kwa kuwa siku hizi hakuna anayekubali kukaa mbali na nyumba yake giza likiingia. Juma zima kijana mmoja wa redio alitangaza kwamba Kitumbo anarudi jukwaani, na hakusema zaidi ya hapo. Zéphirin aliyasikia matangazo hayo dukani kwa muuza mastiki. Mtu mwenye busara angekimbia kwa Carlos kumwambia wayabadilishe. Yeye alimwomba mwenye duka aongeze sauti.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki vilikwisha, watu wakakaa wawili wawili, wengine wakasimama ukutani. Jenereta lilinguruma nje. Mstari wa mbele waliketi mama Marcelline na mwanawe Lévi, kijana wa miaka ishirini na kitu, na pembeni yao mama Rosette. Ilikuwa mara ya kwanza mama Marcelline kuonekana mahali penye watu, mbali na misa, tangu Kasereka apotee. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kufunga kilemba kwa uangalifu, kama mtu aliyealikwa kwa sherehe yake mwenyewe. Zéphirin alimwona kupitia upenyo wa pazia, akaahidi moyoni kwamba leo atamrudishia mume wake kwa saa moja.

Alipoingia, ukumbi ulipiga kelele za furaha. "Kitumbo! Kitumbo!" Alikuwa amelitarajia hilo. Akasimama, hakutabasamu, akavuta kiti kwa mguu na kuketi. Kelele zikapungua, zikafa. Watu wakaanza kutazamana, kisha wakaanza kumtazama yeye. Akakohoa kidogo, akamwambia Charline habari za bei ya samaki. Mstari wa mbele mama Marcelline akaweka mkono kifuani.

Ninavyosimulia hivi sisemi kwa kumsifu bure: karibu nusu saa nzima Kitumbo hakuwapo mjini Goma. Alikuwako baba mmoja wa Majengo, anayefokea watoto bila kuwatisha, anayehesabu vikapu, anayevaa viatu vya safari akilalamika juu ya magoti. Alipowaaga watoto wake na kutoka, ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba jenereta lilionekana kuwa na kelele kupita kiasi. Nyuma ya pazia Zéphirin alimshika Carlos bega, akambana.

Kisha ikaja ile sehemu ya simu. Upande mmoja wa jukwaa Charline na watoto wanapanga sahani. Upande wa pili, baba amesimama peke yake barabarani, simu sikioni. Anasema barabara si mbaya sana. Anawauliza watoto kama wamesoma. Zéphirin alishusha sauti, akakohoa, na akalisema neno lile kama Kasereka, hasa kama Kasereka, bila kulivuta hata kidogo.

"Niko nakuya. Munibakishie."

Ukumbi ulinyamaza. Halafu kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamume mmoja akajibu kwa furaha yake yote:

"Tulishamaliza!"

Wachache wakacheka, wakajizuia. Bado hapakuwa na kitu kilichoharibika. Lililobaki kwa Zéphirin lilikuwa dogo: ashushe simu, ageuke, aondoke gizani kama walivyofanya kila siku uani. Alijua hivyo pale pale alipokuwa amesimama. Lakini alikisikia kile kicheko kilichojizuia, alikisikia kikimngoja, na tumbo lake likatangulia mbele bila kumuuliza.

Ukumbi ukalipuka. Akashika tumbo, akapepesuka. Watu walisimama juu ya viti. Akaanguka chali, simu ikamtoka mkononi, na alipokuwa pale chini akitazama mbao za dari, alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia miaka mingi. Akainuka, akalivuta safari hii, "Munibakishie-e-e!", na ukumbi mzima, kwa sauti moja, watu wazima na watoto, wakamjibu: "Tulishamaliza!" Akaanguka tena. Upande wa pili wa jukwaa Charline alikuwa amesimama na sahani mbili mikononi, hajui aziweke wapi.

Alipotoka nyuma ya pazia akihema, Carlos alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kichwa. Fabiola alikuwa amesimama wima ukutani. Na hapo ndipo raha ilipomtoka papa Zéphirin yote kwa pamoja, na hofu ikakaa mahali pake.

Mchezo uliendelea, maana ulikuwa haujafika hata katikati. Mama alifunika sahani ya kwanza, ukumbi ukacheka. Asubuhi akawapa kuku, wakacheka. Jirani alipokuja kusema kwamba lori halijaonekana, kuna aliyesema kwa sauti kwamba Kitumbo amekwama kwenye harusi. Charline alijitahidi, maskini, alilia machozi ya kweli, lakini mwishoni alipofunua ile sahani na kuitazama bila kusema, kama ilivyoandikwa, mtu akapaza sauti: "Kitumbo alishakula!" Pazia likafungwa kwa vicheko na vigelegele. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Wengi watakuambia mpaka leo kwamba ule ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote waliyoiona pale parokiani.

Nje walimbeba Zéphirin nusu nusu. Kila mtu alitaka kumshika mkono. Katikati ya msukumano ule mama Marcelline alimfikia, Lévi akiwa nyuma yake.

"Aksanti, papa Zéphirin," alisema, na kumpa mikono yote miwili. "Batu bamefurahi."

"Mama Marcelline, mimi..."

"Bamefurahi sana. Mupumuzike muzuri sasa."

Akaenda zake, akishika kitenge ili kisiburuzwe kwenye mawe. Lévi alimpa Zéphirin mkono bila kumtazama usoni.

Nyumbani mama Rosette alimwandalia chakula bila kusema kitu, na mama Rosette asiposema kitu, majirani huja kuuliza kama ni mgonjwa. Mwishowe Zéphirin hakuvumilia.

"Ulikuwa pembeni yake. Alilia?"

"Hapana," mama Rosette alisema. "Alicheka."

"Alicheka?"

"Ulipoanguka. Alicheka pamoja na batu bote, ilimutoka tu. Kisha akafunga kinywa na kitenge, na hakukitoa tena mpaka mwisho. Ni wewe ulimuchekesha juu ya bwana yake, Zéphirin. Kula."

Hakuweza kula. Siku zilizofuata alikata vioo vikubwa kuliko madirisha na vidogo kuliko madirisha. Watu walimwita barabarani zaidi kuliko zamani, na yeye aliinua mkono kidogo, akaharakisha, yeye ambaye hakuwahi kuharakisha akiwa na kioo. Alichojutia zaidi hakikuwa kule kuanguka. Kuanguka kulimponyoka. Alijutia ile *kweli kabisa* aliyomwambia Fabiola uani, kwa utulivu, akiwa na akili zake zote, wakati msichana alikuwa na karatasi mkononi, tayari kubadilisha.

Alikwenda kwa Carlos kusema ampe mtu mwingine nafasi. Carlos, ambaye alikuwa amekwisha kasirika mpaka hasira ikaisha, alimwambia hakuna mtu mwingine, onyesho la pili ni baada ya majuma mawili, na Fabiola amesema abaki yeye. Akampa karatasi mpya ya ile sehemu ya simu. Zéphirin aliisoma. Baba anauliza kama watoto wamesoma, anasema "Niko nakuya", anakata simu. Basi. Pale neno lilipokuwa, hapakuwa na kitu.

Safari hii redio haikutangaza Kitumbo. Watu walikuja wachache, viti vikabaki. Alipoingia, wawili watatu waliita jina lile. Aliwangoja mpaka wakachoka. Wakati wa simu, mtu mmoja aliyekuwepo mara ya kwanza alijaribu kumsaidia: "Sema munibakishie, papa!" Zéphirin hakugeuza hata shingo. Alikaa na ile simu sikioni, akakiacha kimya kikae hadi yule mtu mwenyewe akaona aibu. "Niko nakuya," alisema. Akashusha mkono. Akaondoka.

Na watu walilia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alilia kwa sauti, bila kujificha. Charline alipofunua ile sahani ya mwisho hakuna aliyekohoa. Pazia lilipofungwa palikuwa na kimya kirefu kabla ya makofi, na Zéphirin, amesimama gizani na viatu vyake vya safari, alielewa kwamba amepata kile alichokitamani tangu mazishi ya mama yake. Watu walimtazama, na hawakucheka. Alijifuta macho kwa mkono wa koti. Alitafuta mstari wa mbele. Mama Marcelline hakuwa amekuja.

Wengine walipokwisha kutoka, alimkuta Fabiola akipanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Akaanza kumsaidia. Walipanga mstari mzima.

"Mulicheza muzuri sana leo, papa," Fabiola alisema. "Vraiment, kweli."

Ni sifa hiyo iliyompa moyo. Alikuwa amekwisha kuwaza jambo hili tangu pazia lilipofungwa.

"Mutoto wangu, mara ya tatu tulirudishe. Ile neno. Uliona leo? Nawaweza sasa. Nitalisema vile inastahili, na hakuna mutu atacheka, na akicheka nitamunyamazisha. Mama yako akuye asikie. Nataka nimurudishie."

Fabiola aliacha viti. Alimtazama bila hasira, na ingekuwa rahisi kama angekuwa na hasira.

"Siwezi, papa."

"Ni juu ya azabu? Kama ni azabu, nakubali. Ninastahili."

"Hapana. Hakuna azabu." Alijipangusa vumbi mikononi, akitafuta namna ya kusema. "Picha zake tuko nazo mingi. Sauti hatuna. Alienda na téléphone yake, na kwa zetu hakuna mutu aliwaza kumukamata sauti, nani anawazaka vile? Ni kwa ile neno njo nilikuwa nasikiaka sauti yake. Jioni nafunga macho, nasema ndani ya moyo *munibakishie*, na ni yeye, na kile kikohozi chake. Kila siku. Mama vilevile, aliniambia. Njo maana niliandika hii mchezo yote, ile neno isipotee."

Zéphirin alikuwa ameshika kiti, hajui akiweke wapi.

"Tangu ile siku ya kwanza, ya première," Fabiola alisema, "nikifunga macho ni nyinyi. Najaribu, najaribu, ni nyinyi tu na batu banawajibu. Mama naye, ni nyinyi. Hata muliseme muzuri aje, papa, itakuwa sauti yenu. Afazali tulinyamazie kwanza. Labda sauti ya papa yangu itarudi."

Alirudi kwenye viti vyake. Papa Zéphirin alitaka kumwomba msamaha. Alifungua kinywa, akaona kwamba hata msamaha ungetoka kwa sauti ile ile, akakifunga.